Mgeni ni Kuku Mweupe: Funzo la Gombe na Cairo

Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960 na jeshi lake kuasi siku chache baadaye, mji wa Kigoma ulijaa Wabelgiji waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia na kile walichoweza kubeba. Ilibidi walazwe na walishwe. Miongoni mwa waliojitolea kusaidia walikuwamo Mwingereza mmoja wa miaka 26 na mama yake, waliofika mjini hapo wakiwa njiani kwenda Gombe kutazama sokwe. Kabla hajamwona sokwe hata mmoja wa Gombe, Jane Goodall alikuwa Kigoma akipaka mikate. Yeye na wenzake walitengeneza sandwichi zipatazo elfu mbili za nyama ya kopo kwa ajili ya wakimbizi.

Tarehe 14 Julai boti ilimshusha Gombe, kazi ikaanza, na habari ya wakimbizi ikabaki kuwa kisa cha safarini. Kumbe ziwa lilikwisha kutoa onyo. Machafuko ya ng'ambo hayaombi kibali cha kuvuka maji, na miaka kumi na mitano baadaye walioliona hilo kwa macho yao walikuwa vijana wasiokuwa na ugomvi na mtu.

Kufikia mwaka 1975 Gombe ilikuwa hifadhi ya taifa na kituo cha utafiti chenye sifa duniani kote. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikuja kwa zamu. Walilala katika vibanda vilivyotawanyika kati ya ufukwe na msitu, na alfajiri wakapanda milima wakiwafuata sokwe, daftari mkononi. Tanzania ilikuwa shwari, vibali vilikuwa kamili na wenyeji walikuwa wema. Mzazi aliyeko California angeuliza kuhusu malaria na nyoka, akijibiwa hayo akaridhika.

Lakini upande wa pili wa ziwa, ambalo kwa wastani lina upana wa kilomita 50 hivi, hali ilikuwa nyingine. Katika milima ya Fizi walikaa wapiganaji wa PRP, chama kilichoundwa mwaka 1967 na Laurent-Désiré Kabila ili kuuangusha utawala wa Rais Mobutu wa Kongo. Kwa watu wa Kigoma haikuwa siri kwamba ziwa lilikuwa njia ya wapiganaji. Mwaka 1965 Che Guevara na Wacuba wake walivuka kutoka hapo hapo kwenda kuwasaidia waasi, na kabla mwaka haujaisha wakarudi kwa njia hiyo hiyo, mikono mitupu. Wavuvi walijua, na wachuuzi wa ng'ambo walijua. Mwanafunzi aliyekuja kuhesabu mara ngapi sokwe jike anamchambua mwanawe manyoya hakuwa na sababu ya kuuliza, na kwa hiyo hakuuliza.

Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, wapiganaji wa PRP wenye silaha wapatao arobaini waliteremka kwenye ufukwe wa Gombe kutoka Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Mfanyakazi mmoja Mtanzania alipigwa. Wenzake wakatoka gizani kwenda kuwazindua wanafunzi waliolala mbali ili wajifiche porini. Wavamizi waliondoka na watu wanne: wanafunzi watatu wa Stanford na msaidizi mmoja wa utafiti kutoka Uholanzi. Goodall mwenyewe alikuwapo Gombe usiku ule lakini hakufikiwa. Alfajiri, waliobaki walihesabiana huku hawajui wenzao wamepelekwa wapi.

Baada ya kama wiki moja, mateka mmoja aliachiwa arudi na barua ya madai. Waasi walitaka fedha zinazokaribia nusu milioni ya dola za Marekani, walitaka silaha, na walitaka wenzao waliofungwa Tanzania waachiwe. Hapo ndipo mambo yakawekwa wazi. Watekaji hawakuwa na habari na sokwe, na hawakujali mateka ana maoni gani juu ya Mobutu au juu ya sera za nchi yake. Kwao wale vijana walikuwa Wazungu wa nchi tajiri, na nchi tajiri ina fedha, ina bunduki, na ina sauti inayosikika Dar es Salaam.

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Kuku huyo hakuichagua rangi yake, wala hawezi kuificha kwa kutembea kwa adabu kati ya wenzake. Hilo ndilo funzo la kisa hiki. Wakati wa machafuko mtafiti hana uamuzi juu ya yeye ni nani. Wenye silaha na wenye hofu ndio wanaoamua, na huamua kwa yale wanayoyaona: pasi yake, ngozi yake, fedha zake, na watu anaoandamana nao.

Kilichofuata Gombe kilimgusa kila aliyekikaribia. Serikali ya Marekani ilikuwa na msimamo wa kutolipa watekaji wala kujadiliana nao. Balozi wake Dar es Salaam, W. Beverly Carter, alisaidia mazungumzo yaendelee, na kwa huruma hiyo Henry Kissinger, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alikasirika. Ubalozi wa Denmark ambao Carter alikuwa ametazamia akanyimwa. Tanzania nayo ilibanwa pande mbili: wageni wametekwa katika ardhi yake, na watekaji wanadai wafungwa walio mikononi mwake. Profesa David Hamburg wa Stanford alisafiri hadi Dar es Salaam kusimamia juhudi za kuwakomboa. Hatimaye fidia ililipwa. Wanawake wawili waliobaki waliachiwa mwezi Juni, na mwanamume akashikiliwa hadi Julai. Wote wanne walirudi hai. Kabila, kiongozi wa waasi hao, alikuja kuwa Rais wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997.

Mpango wa Stanford wa kuleta wanafunzi Gombe ulikufa, na kwa miaka mingi wageni hawakuruhusiwa kukaa pale wakifanya utafiti. Kwa hesabu ya kawaida kituo kingefungwa, lakini hakikufungwa. Watanzania waliokuwa wakiitwa wasaidizi waliendelea kupanda milima kila siku, wakifuata sokwe na kuandika kwa Kiswahili walichokiona. Ni mmoja wao, Hilali Matama, ambaye tayari mwezi Januari 1974 alishuhudia kundi la sokwe wa Kasakela likimshambulia dume wa kundi la Kahama. Hilo lilikuwa shambulio la kwanza la vita vilivyoendelea hadi 1978, vita vya wanyama ambavyo wanasayansi hawakutarajia kuwa sokwe wanaweza kuvipigana. Sehemu kubwa ya habari za vita hivyo imetoka katika madaftari ya watu wa Kigoma.

Jambo hilo lina sura mbili, na mtafiti mwaminifu lazima azitazame zote. Sura ya kwanza ni ya heshima: kazi iliyokabidhiwa kwa wenyeji haifi mgeni anapoondoka. Sura ya pili ni chungu. Wageni waliondolewa kwa sababu pale palikuwa pa hatari, na wenyeji wakabaki pale pale, ufukwe ule ule, wakitazamana na milima ile ile ya Fizi. Hakuna ndege iliyotumwa kuwachukua, maana hapo ndipo kwao.

Visa vya namna hii havikuanza Gombe. Mwaka 1967 Dian Fossey, aliyekuwa akichunguza gorila wa milimani huko Kabara mashariki mwa Kongo, aliteremshwa na askari wakati wa uasi na kuwekwa kizuizini Rumangabo, hadi alipopata mwanya wa kukimbilia Uganda. Mwezi Septemba mwaka huo huo alianza upya upande wa Rwanda. Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba hatari hutoka kwa waasi wa msituni peke yao. Kisa kinachowaumiza watafiti wa leo kuliko vyote kilitokea katika jiji kubwa, mbele ya dola iliyo kamili.

Giulio Regeni alikuwa Mwitaliano wa miaka 28, mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 2015 alikwenda Cairo kuchunguza vyama huru vya wafanyakazi, hasa chama cha wachuuzi wa barabarani, watu ambao sisi tungewaita wamachinga. Alikijua Kiarabu na aliipenda Misri, na alikuwa ameunganishwa na chuo kikuu kimoja cha hapo Cairo. Lakini aliingia nchini wakati serikali ya Rais Abdel Fattah el-Sisi ilipokuwa ikiogopa mikusanyiko yoyote, na mada aliyoichagua ilikuwa kitu kile kile serikali hiyo ilichokiogopa: watu wa barabarani wanaojipanga pamoja.

Mwezi Desemba 2015 alihudhuria mkutano wa wanaharakati wa vyama hivyo, akaona mtu asiyemfahamu akimpiga picha. Jambo hilo lilimkosesha raha, na aliwaeleza wenzake. Mwezi Januari, kiongozi mmoja wa wachuuzi aliyekuwa mwenyeji wake katika utafiti alimkalisha wazungumze. Kulikuwa na uwezekano wa kupata ruzuku ya paundi 10,000 kutoka mfuko mmoja wa Uingereza. Yule bwana aliuliza mara kwa mara kuhusu fedha hizo, na kama angeweza kupewa kidogo kwa shida zake za nyumbani. Regeni alimjibu kwa upole kwamba fedha si zake na hawezi kuzitoa kwa matumizi ya mtu binafsi. Hakujua kwamba mwenzake amevaa kamera. Mkanda ule ulionyeshwa kwenye televisheni ya Misri mwaka uliofuata, na mchuuzi mwenyewe akakiri kwamba alimpeleka kwa vyombo vya usalama, akijiona ametimiza wajibu wa raia mwema.

Tazama namna mambo yalivyosomwa. Kwa Regeni na wasimamizi wake, paundi 10,000 zilikuwa ruzuku ya kitaaluma, yenye fomu na masharti. Kwa mtu anayeuza bidhaa kando ya barabara na kukimbizana na askari, zilikuwa utajiri uliopita mbele ya macho yake. Kwa shushushu, zilikuwa fedha za kigeni zinazoingizwa kwa wachuuzi katika nchi ambayo utawala wake ulipinduliwa na umma miaka mitano iliyotangulia.

Tarehe 25 Januari 2016 ilikuwa kumbukumbu ya tano ya mapinduzi ya 2011. Polisi walitapakaa Cairo, na siku za kabla yake nyumba zilipekuliwa. Jioni hiyo Regeni alitoka kwake kwenda kukutana na marafiki. Hakufika. Tarehe 3 Februari mwili wake ulikutwa kando ya barabara ya Cairo kwenda Alexandria, ukiwa na alama za mateso. Mama yake aliwaambia waandishi wa habari kwamba alichoweza kukitambua usoni mwa mwanawe ni ncha ya pua tu. Mamlaka za Misri zilikana kuhusika, na maelezo yao yakabadilika kutoka ajali ya barabarani hadi genge la wahalifu. Waendesha mashtaka wa Roma hawakuridhika. Waliwashtaki maofisa wanne wa usalama wa Misri, na kesi ikaanza kusikilizwa Roma mwaka 2024 bila washtakiwa kuwapo.

Kati ya Gombe na Cairo kuna umbali mkubwa, miaka arobaini na tofauti za kila aina. Kinachoviunganisha visa hivi ni hicho tulichokitaja. Vijana wa Gombe walijijua kuwa wanafunzi wa sokwe, wakachukuliwa kuwa bidhaa ya kubadilishana na bunduki. Regeni alijijua kuwa msomi, akachukuliwa kuwa jasusi. Barua za utambulisho walikuwa nazo. Lakini kibali kinamweleza mtafiti kwa ofisi iliyokitoa. Mtu mwingine hakisomi, na akikisoma anaweza kukiona kuwa ndicho ushahidi wenyewe.

Kijana wa Afrika Mashariki anayesoma haya asijitoe. Vyuo vyetu vinapeleka wanafunzi wa uzamili na udaktari Kongo, Sudan Kusini, Ethiopia na Msumbiji, na wengi wao hudhani kwamba Uafrika wao ni hifadhi. Chukua mfano wa Mtanzania anayekwenda Goma. Anazungumza Kiswahili, anakula ugali na sambaza, anaitwa kaka sokoni, na kwa wiki ya kwanza anajiona yuko nyumbani. Lakini mwaka 2013 wanajeshi wa Tanzania walikuwa katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopigana na waasi wa M23, na baadaye wakawamo katika kikosi cha SADC kilichopelekwa mashariki mwa Kongo. Januari 2025 M23 wakauteka mji wa Goma. Katika mji ule ule, kwa lafudhi ile ile, Mtanzania atapokewa na mmoja kama ndugu na mwingine kama mwenzao wa askari waliompiga risasi mdogo wake. Mkenya naye ajue kwamba mwezi huo huo waandamanaji wa Kinshasa walivamia balozi kadhaa za kigeni, na wa Kenya ulikuwamo. Waandamanaji hawakuuliza nani ndani yake anaandika tasnifu ya lugha na nani anashughulikia siasa.

Basi mtafiti afanye nini? Hakuna hirizi ya kuzuia risasi, lakini zipo hatua ambazo visa hivi vinatufundisha.

La kwanza, chunguza unavyoonekana kabla hujachunguza wengine. Tafuta watu watatu au wanne wa mahali pale wasiohusiana: mwenye duka, mwalimu, dereva wa bodaboda, mama wa genge. Waulize waziwazi: watu hapa wanasema mimi ni nani na nimekuja kufanya nini? Majibu yakigongana na barua yako ya utambulisho, amini majibu. Na ukiambiwa kuna mtu anakuulizia, au ukaona unapigwa picha usiyoiomba, usilihifadhi jambo hilo kuwa kisa cha kusimulia utakaporudi. Hiyo ni taarifa, na inadai uamuzi siku hiyo hiyo.

La pili, fedha zako zinasema kwa sauti kubwa kuliko wewe. Usitaje ruzuku ambayo haijatoka, na usiwe wewe wa kuamua nani anapata. Penye njaa na polisi pamoja, ahadi ya fedha humgeuza rafiki kuwa mshitaki bila yeye kuwa mtu mbaya. Yule mchuuzi wa Cairo naye alikuwa akiishi chini ya hofu na uhitaji, na mtafiti wa maisha ya wachuuzi alipaswa kuwa wa kwanza kulipima hilo.

La tatu, soma kalenda ya nchi kabla ya kupanga ratiba yako. Uchaguzi, kumbukumbu ya mapinduzi, siku ya kutangazwa kwa matokeo, hukumu ya kiongozi wa upinzani: siku hizo mgeni akae ndani, au awe nje ya nchi kabisa. Na usiishie kwenye kalenda ya nchi unayokaa. Watu wa Gombe walipaswa kuisoma ya Zaire pia.

La nne, daftari lako ni silaha linapoanguka mikononi mwa mwingine. Majina halisi yasikae pamoja na maneno yaliyosemwa. Simu isiyokuwa na mazungumzo ya zamani ni salama kuliko yenye nywila ndefu, kwa sababu aliyekukamata anao muda wote wa kukuomba hiyo nywila.

La tano ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Mkalimani wako, dereva wako, mwenye nyumba wako, mwanafunzi wa hapo anayekusaidia kujaza madodoso, wote wamepakwa rangi yako. Wewe una tiketi ya kurudi. Wao wana wazazi na watoto mtaa ule ule. Kabla hawajaanza kazi wajue hatari waliyoiona wao na uliyoiona wewe. Katika bajeti yako iwemo fedha ya kuwaondoa mahali pale kama utakavyoondolewa wewe, na jina lao liandikwe au lifichwe kwa uamuzi wao. Yaliyotokea Gombe yanatuonyesha kwamba hawa ndio waliojitosa usiku ule ili wageni wapone, na ndio waliobaki na kazi. Mpango wa usalama usiowataja ni mpango wa kumwokoa mgeni peke yake.

Vyuo vyetu vina kamati za maadili ya utafiti, na kwa vibali vya utafiti Tanzania ina tume ya COSTECH, Kenya ina NACOSTI, kila moja na fomu zake. Fomu huuliza mada, njia za utafiti, sampuli, na ridhaa ya wahojiwa. Yaongezwe maswali matatu, na yajibiwe kwa majina na tarehe: huko uendako utaonekana kuwa nani, nani mwenyeji ana idhini ya kukuambia ondoka leo ukamtii, na wasaidizi wako watatokaje. Msimamizi ambaye mwanafunzi wake hana majibu ya maswali hayo asitie sahihi.